Kungoja kreni ndiko kunakokula muda

Makala ninayoijibu hapa inadai kwamba makontena yanayohamishwa kutoka kituo kimoja hadi kingine katika eneo la Maasvlakte, bandari ya Rotterdam, hayatachelewa tena mara magari yasiyo na dereva yatakapoongezwa. Sikubaliani. Nimewahi kupanga safari za aina hiyo katika bandari nyingine, na ratiba yetu iliharibika hasa pale gari lilipofika likakuta kreni inahudumia meli, kwa kuwa gari lisiloweza kujinyanyulia kontena husimama tu hadi kreni ipatikane. Modeli ya kompyuta ya kukadiria idadi ya magari, inayohesabu umbali na kasi peke yake, ikichukulia kwamba mzigo huja kwa mtiririko ule ule usiku na mchana, itaonyesha kuwa magari machache yanatosha. Ingiza humo saa ya mwisho ya kupakia treni, matishari yanayofika kwa mafungu na ukaguzi wa forodha, uone jibu linavyogeuka. Hata trekta lenye dereva, linalokokota trela tano kwa mpigo (teknolojia ya zamani, nakiri), laweza kufaa zaidi mzigo wa treni moja unapokusanyika. Je, kuna msomaji aliyetumia modeli inayohesabu gharama ya kila kontena lililokosa treni yake, badala ya wastani wa muda wa safari?