Umoja Mteja, Wingi Wateja

Mama Mawese, ndivyo anavyoitwa na Mwanga nzima hapa Kigoma, alinipigia sijamaliza hata chai.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hivi lile jina la waifai linalotokea kwenye simu za watu, naweza kuandika chochote?"

Nikamwambia chochote. Hapo ndipo nilipoanza kukosea.

Mama anauza mawese kwa madumu, na anakopesha kuliko anavyouza. Duka lake limepakana na kijiwe cha bodaboda, na wadaiwa wake wanashinda hapo hapo wakivizia waifai yake. Sasa alitaka kila anayefungua simu asome: USIPOLIPA MAWESE YANGU NITAKUTAJA.

Nikahesabu. "Mama, mwisho ni herufi 32, na nafasi zinahesabiwa. Hizi ni 33."

"Yaani moja tu ndiyo inakushinda?"

"Si mimi, Mama. Ndivyo mitambo ilivyo."

Tukavutana kama wanunuzi wa migebuka Kibirizi. Nikamshauri atoe "yangu". Akauliza watajuaje ni mawese ya nani. Nikamwambia mdaiwa hamsahau anayemdai. Akakubali, shingo upande.

Kampuni yetu ya intaneti ni ndogo: watu 3, ngazi 1, wateja 38 waliotawanyika Gungu, Katubuka, Ujiji mpaka Mwandiga. Kumpandia kila mmoja bodaboda kwa ajili ya kubadilisha jina ni kula faida yote kwa nauli, kwa hiyo mipangilio naituma nikiwa nimekaa, kwa FTP, njia ya kutuma mafaili mtandaoni. Ruta zetu, vile visanduku vinavyogawa waifai, ni MikroTik, za kutoka Latvia, nazo zina utiifu wa ajabu: ukizitumia kwa FTP faili ambalo jina lake linaishia na .auto.rsc, haziulizi "una uhakika?" Likifika tu, kilichoandikwa ndani kinatekelezwa. Na FTP yenyewe imeanza mwaka 1971, imenizidi umri, haina maneno mengi. Umeleta mzigo? Tua hapo.

Nilikuwa na kiprogramu changu kinachosoma orodha ya anwani, kinabisha hodi mlango namba 21 wa kila ruta, kinatua faili, kinakwenda nyumba inayofuata. Orodha zilikuwa mbili. Moja niliiita mteja.txt, ina anwani ya mtu mmoja ninayemhudumia siku hiyo. Nyingine wateja.txt, wote 38.

Mwalimu wangu wa Kiswahili alitucharaza sana kwa ajili ya ngeli ya A-WA. Umoja mteja, wingi wateja. Leo naona zile fimbo zilikuwa chache.

Jana yake nilikuwa nimerekebisha saa za ruta zote, vidole vikanogewa na wingi. Nikaandika wateja, nikabonyeza. Mstari ukatokea: imefika. Nikanyanyua kikombe. Imefika. Imefika. Nikakirudisha kikombe. Nilipopata akili ya kukatisha, hapakuwa na cha kukatisha. Stanley alitembea miezi kadhaa mpaka kumkuta Livingstone pale Ujiji mwaka 1871. Mimi Ujiji niliingia kwa sekunde chache, tena bila hata kupiga hodi ya kibinadamu.

Simu ya kwanza ilitoka huko huko, kwa mzee mwenye gesti. "Kijana, nina miaka 70, sijawahi kukopa mawese. Haya, nitajeni!"

Ya pili ilikuwa ya mwenye duka la dawa, ananong'ona. "Kaka, yule mama wa Gungu amekuja kwenu? Mwambie Ijumaa, wallahi."

Bosi yeye hakupiga simu, maana ruta ya ofisini nayo ilikuwemo. Alisimama mlangoni akauliza kwa sauti nani kati yetu anadaiwa. Fundi mwenzangu, yule asiyeogopa mnara wowote, akatoka nje na simu sikioni na hakurudi mpaka mchana.

Kurudisha majina ya zamani ilikuwa kazi ya dakika moja, kama ningekuwa nayo. Sikuyahifadhi popote. Ikabidi nipige simu mmoja mmoja: samahani, waifai yenu ilikuwa inaitwaje? Nusu yao hawakujua. "Si ile iliyokuwa inaingia yenyewe?" Mama mmoja wa Katubuka akanikataza nisiguse kitu; tangu asubuhi jirani yake hajaja kuomba nywila. Na kuna bwana mmoja mzito, mwenye heshima zake, alinitajia jina herufi moja moja kwa sauti ya chini sana. Lilikuwa jina la mwanamke, na si la mkewe.

Jioni akapiga Mama Mawese mwenyewe.

"Mwanangu, Mungu akubariki. Wamelipa watu 4, na mmoja wala hayumo kwenye daftari langu! Anasema haikuandikwa mawese ya nani, basi leo kapita kwa kila muuzaji anayemfahamu."

Nikaanza kumweleza kwamba kulitokea hitilafu ndogo. Hakunisikiliza.

"Liache mpaka mwisho wa mwezi. Halafu nauliza, kuna nafasi ya kuongeza neno moja?"

"Neno gani, Mama?"

"'Fundi'. Zile lita 5 za Idi bado nazikumbuka."

Nikamwambia herufi zimeisha. Zilikuwa zimebaki 5.