Kisasi ni cha nani? Wanawake katika tenzi za Homer

Katika kitabu cha 22 cha Iliad, utenzi wa Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, kuhusu vita vya Wagiriki dhidi ya mji wa Troy, Hector, shujaa wa Troy, amelala chini, mkuki umempenya shingoni, anamwomba Achilles, shujaa wa Wagiriki aliyemchoma, airudishe maiti yake kwa wazazi wake. Achilles anakataa. Anasema laiti hasira yake ingemruhusu, angemkatakata na kumla nyama yake mbichi. Vitabu viwili mbele, Hecuba, mama wa Hector, anamwambia mumewe Priam kwamba angetamani kuling'ang'ania ini la Achilles na kulila. Hamu ni ile ile. Tofauti ni kwamba Achilles ana mkuki na jeshi nyuma yake, na Hecuba ana sauti tu. Mmoja anaitwa shujaa, mwingine anabaki mfiwa.

Tenzi mbili za Homer, Iliad na Odyssey, zinakadiriwa kutungwa karne ya 8 au ya 7 KK, na wasomaji wake hawajaacha kuvutana kuhusu wanawake waliomo. Wako wanaowaona kuwa ngawira tu. Wako wanaosema bila wao hakuna utenzi. Nakubaliana na kila upande kwa sehemu, lakini naona wote wanalipita jambo kubwa zaidi: nani anaruhusiwa kulipiza kisasi, na gharama yake inamwangukia nani.

Hoja kwamba wanawake hawa wana nguvu ni nzito kuliko wengi wanavyodhani. Thetis, mama wa Achilles, ndiye anayepanda Olympus, makao ya miungu, kumshika magoti Zeus, mkuu wao, na kumtaka awape Watroy ushindi mpaka Wagiriki wamheshimu mwanawe. Zeus anakubali, na kwa ombi la mama mmoja mwendo wa vita unageuka. Katika Odyssey, kisa cha Odysseus, shujaa wa Kigiriki anayehangaika kurudi kwao Ithaca baada ya vita, Nausicaa, binti wa mfalme wa nchi aliyofikia, anamwelekeza ampite mfalme na kwenda kumpigia magoti malkia Arete, kwani akimridhisha huyo ndipo atakuwa na tumaini la kufika kwao.

Aliye mfano mkuu ni Penelope, mke wa Odysseus. Nyumba yake imejaa waposaji 108, mumewe hajulikani alipo, mwanawe ndiyo kwanza anabalehe. Anawaambia wasubiri amalize kufuma sanda ya mkwewe Laertes. Mchana anafuma, usiku anafumua kwa mwanga wa mienge, na hila hiyo inawashika miaka mitatu. Odysseus anaporudi, yeye aliyemlaghai Cyclops, jitu la jicho moja, na karibu kila aliyekutana naye njiani, ndiye anayetegwa. Penelope anaagiza kitanda chao kitolewe nje ya chumba. Odysseus anapandwa na ghadhabu, maana alikichonga mwenyewe kwenye shina la mzeituni lenye mizizi ardhini, na hakihamishiki. Kwa kughadhibika amejitambulisha. Mtu anayesifiwa kwa werevu kuliko wanadamu wote amezidiwa akili na mkewe, na mtunzi anataka tulione hilo waziwazi.

Upande wa pili nao hauhangaiki kutafuta ushahidi. Ugomvi wote wa Iliad unazuka kwa sababu Agamemnon, kiongozi wa jeshi la Wagiriki, baada ya kulazimika kumrudisha mateka wake Chryseis, anamnyang'anya Achilles mateka wake Briseis. Katika michezo ya mazishi ya Patroclus, rafiki wa Achilles, mshindi wa mieleka anawekewa chungu cha miguu mitatu chenye thamani ya ng'ombe 12, na atakayeshindwa anawekewa mwanamke mwenye ujuzi wa kazi nyingi, thamani yake ng'ombe 4. Hakuna anayeshtuka. Briseis mwenyewe anasikika mara moja tu, kitabu cha 19, anapoulilia mwili wa Patroclus. Hapo ndipo tunapojua kwamba Achilles alimuua mumewe, na kwamba kaka zake watatu nao waliangamia. Faraja aliyopewa ilikuwa ahadi ya kuolewa na muuaji huyo.

Hata ushauri wao mzuri haupokelewi. Andromache, mke wa Hector, anamwonyesha mumewe mahali ambapo ukuta wa Troy unapandika kwa urahisi, karibu na mtini, na kumsihi aliweke jeshi hapo kwa kuwa maadui wamekwisha kujaribu mara tatu. Hayo ni maneno ya mtu anayevifuatilia vita kwa makini. Hector anamwambia arudi nyumbani akafume; vita ni vya wanaume. Telemachus, ambaye hajapigana popote, anamwambia mama yake Penelope maneno karibu yale yale.

Sasa tuje kwenye kisasi. Orestes alimuua Aegisthus, mpenzi wa mama yake, kulipiza damu ya baba yake Agamemnon, na katika Odyssey anatajwa tena na tena kama kielelezo ambacho Telemachus anapaswa kukifuata. Clytemnestra, mama wa Orestes aliyeshiriki kumuua mumewe Agamemnon, anatajwa kama laana. Homer hasemi lolote kuhusu binti yao Iphigenia kutolewa kafara na baba yake. Ilibidi kusubiri jukwaa la Athens, mwaka 458 KK, ndipo mtunzi wa tamthilia Aeschylus alipompa Clytemnestra nafasi ya kusema kwamba na yeye alikuwa na mtoto wa kumlilia. Ndani ya Odyssey mmoja wa wanaosimulia kisa ni kivuli cha Agamemnon huko kuzimu, na hukumu yake ni kwamba mwanamke huyo amewaaibisha wanawake wote, hata walio wema. Hakuna mahali ambapo Aegisthus anawaaibisha wanaume wote.

Penelope anapona laana hiyo kwa sababu mikono yake ni safi. Yeye ndiye aliyeweka shindano la kupitisha mshale kwenye mashoka 12 na kuleta upinde, silaha ile ile iliyoanza kuwaua waposaji. Lakini mauaji yanapofanyika, mungu wa kike Athena amemlaza usingizi ghorofani. Siamini kwamba mpangilio huo ni bahati tu. Utenzi unamruhusu kutega mtego na unamzuia asiwepo unapofyatuka.

Kisha kuna wajakazi 12, kati ya 50 wa nyumba ile. Watetezi wa Odysseus wana hoja ambayo haifai kudharauliwa: siri ya sanda ilitoboka kupitia kwa wajakazi, na Melantho, ambaye Penelope alimlea kama binti yake, alimtukana Odysseus na kulala na Eurymachus, mmoja wa waposaji. Katika nyumba iliyotekwa, huo ulionekana usaliti. Ila Odysseus mwenyewe, anapowasomea waposaji makosa yao katika kitabu cha 22, anawashutumu kwa kuwalala wajakazi kwa nguvu. Kosa likihesabiwa kwa waposaji linaitwa ubakaji. Likihesabiwa kwa wajakazi linaitwa uasherati, na adhabu ni kifo. Tena wanalazimishwa kwanza kubeba maiti na kuosha meza zenye damu. Odysseus aliagiza wauawe kwa upanga. Telemachus akaona hawastahili kifo safi, akawanyonga. Homer anawafananisha na ndege walionaswa mtegoni. Hapo nadhani mtunzi anawaonea huruma kuliko wahusika wake, lakini hakuna ndugu anayekuja kudai damu yao. Waposaji wanao baba: jamaa zao wanakuja na silaha katika kitabu cha 24.

Mtu ataniuliza: je, Athena? Ni mungu wa kike, anamlaghai Hector kwa sura ya nduguye mpaka anauawa, na ndiye anayewazuia jamaa wa waposaji ili kisasi kikome Ithaca. Ni kweli. Lakini Athena hana mume wala mtoto wa kufiwa naye, na mikuki anayoielekeza ni ya wanaume. Uwezo wake haumfikii Hecuba wala Briseis.

Kinachowafikia ni maombolezo, na hapa watetezi wa nguvu za wanawake wana hoja bora kuliko ile ya Thetis kupanda Olympus. Iliad haimalizwi na Achilles. Hotuba kuu juu ya maiti ya Hector zinatolewa na wanawake watatu: Andromache, Hecuba na Helen. Andromache hasifu ushujaa. Anasema huenda mtoto wao akarushwa kutoka mnarani kwa sababu baba yake aliua watu wengi mno. Helen, mwanamke wa Kigiriki ambaye kwa ajili yake vita vilipiganwa, ni wa mwisho, naye anakumbuka kwamba kwa miaka yote Hector hakumtamkia neno moja baya, na wengine walipomsema, aliwanyamazisha kwa upole. Baada ya maelfu ya mistari ya mikuki, shujaa wa Troy anapimwa kwa namna alivyomtendea mgeni aliyechukiwa na karibu kila mtu, na kipimo hicho Achilles hangekifikia.