Shangazi kapaka treni mafuta

Jamani mimi nimechoka. Asubuhi hii nimefunua neti ninayofunikia treni yangu ndogo ya mfano nione vumbi limeingia kiasi gani, nikapitisha kidole juu ya behewa kama kawaida yangu, kidole kikateleza. Kikateleza! Kiangazi hiki cha Januari, hapa Tororo, Uganda, nyumba iko hatua kumi kutoka barabara ya marram, ule udongo mwekundu wa changarawe, kitu gani ndani ya nyumba yangu kinaweza kuteleza?

Tuanze na neti maana najua mtauliza. Ndiyo, ni zile za mbu za bure. Ziligawiwa kwa hesabu ya vichwa, mimi nikahesabu na kichwa cha treni, kosa liko wapi? Mama watoto ananisema mpaka leo eti mbu haumi behewa. Na neti yenyewe vumbi linaipita kama haipo, fuso moja tu ikikatiza hapo nje reli zote zimekuwa nyekundu.

Si kwamba mimi ni mtu wa usafi sana. Gita langu lina vumbi na linalia, redio ya mzee ina vumbi mpaka kwenye sauti na taarifa ya habari tunaipata. Lakini hii treni ni moja kwa 87 ya ile ya kweli, reli kwa reli milimita 16.5, umeme wake volti 12 unapita kwenye reli unapanda kwenye magurudumu ndo ufike kwa mota, sasa chembe moja ya marram ikikaa hapo katikati imekufa, unaisukuma kwa kidole kama gari lililoisha betri.

Basi huo utelezi. Nikauliza nani kagusa treni. Kimya. Nikauliza tena kwa ile sauti ya mwenye nyumba. Shangazi akaitikia kutoka jikoni bila wasiwasi wowote, "Ni mimi baba, nimekusaidia. Ilikuwa imepauka."

Imepauka.

Shangazi alikuja Jumapili kwa siku mbili, leo Alhamisi. Kumbe aliamka alfajiri akafunua neti, akaona kichwa na mabehewa manne yamepauka kama magoti ya mtoto wa shule, akatoa mkebe wake wa mafuta ya mgando akayapaka moja moja, juu, ubavuni, chini huko kwenye magurudumu, halafu akaona aibu kuiacha njia, akapaka na reli mzunguko mzima, kwenye kona akarudia mara mbili maana "hapo ndo panasuguana".

"Shangazi," nikasema kwa heshima zote, "treni haipakwi mafuta."

"Kwani ya marehemu baba yako ilikuwa haipakwi?"

Hapo alinipata, maana mzee alikuwa fayamani, mchochea moto wa treni, enzi za reli ya Afrika Mashariki kabla haijavunjika 1977, na alikuwa anarudi nyumbani na mafuta mpaka masikioni. Nikamweleza taratibu, mafuta ni tone moja kwenye ekseli, si juu ya reli, hapo umeme haupiti, magurudumu yanazunguka pale pale, na vumbi ndo litanata kabisa. Akaniangalia.

"Baba yako alisema kukiwa na utelezi wanamwaga mchanga relini, treni inapanda mlima. Huo mchanga umejaa hapo nje. Shida iko wapi?"

Kinachouma ni kwamba ni kweli. Vichwa vile vikubwa vinabeba mchanga wao kabisa, vinajimwagia vyenyewe chini ya magurudumu vipate kushika. Cha kwangu punje moja kinazirai. Sasa mimi mtu mzima mwenye mvi nikajisikia napiga kelele kwa dada wa baba yangu, "Hii ni ya UMEME shangazi! Ya UMEME!"

"Na umeme wenyewe haupo," akasema, akarudi kwenye uji wake.

Na kweli ulikuwa umekatika.

Nikaenda kununua spiriti. Dada wa duka la dawa akaniuliza hii chupa ya ngapi mwezi huu, nikamwambia nasafishia treni, akanipa kwa yale macho wanayopewa walevi wa waragi. Jirani akaniletea waya wa kusugulia sufuria, nikaukataa, zile nyuzi zinakatika zinavutwa na sumaku ya mota halafu ndo basi. Brashi ya mekapu ya mama watoto nimeiazima bila kumwambia, msimwambie.

Nimekaa tangu saa nne na njiti za kiberiti nimezifunga kitambaa nachokonoa mafuta kwenye magurudumu, gurudumu moja moja, na mabehewa yana magurudumu manane kila moja, piga hesabu wewe. Halafu saa nane hivi, maajabu, lori la maji likapita likimwagia barabara! Hilo huwa tunaliona akija mgeni mkubwa tu, leo sijui nani anapita. Vumbi likalala. Nikataka kulia kwa furaha. Ila wamemwaga kama wanazima moto, huko nje sasa ni tope tupu, boda wa kumpeleka shangazi stendi amepiga simu amesema haji.

Ataondoka Jumatatu. Nimemkuta anaangalia gita.