Albamu ya mwisho ya Thin Lizzy: lawama isimwangukie Sykes

Hapa Mombasa wapenzi wa roki ngumu ni wachache, lakini wakikutana barazani na mmoja akataja Thin Lizzy, kahawa itapoa vikombeni. Ubishi huwa juu ya Thunder and Lightning, albamu yao ya mwisho ya studio, iliyotoka mwaka 1983. Wengi wanaoijua bendi hii ya Dublin huishia kwenye Jailbreak ya 1976, na hii ya mwisho hawajaigusa.

Wanaoipinga wana hoja nzito. Phil Lynott, mwimbaji na mpiga besi, mama Muairishi na baba mtu wa Guyana, alijijengea jina kwa kusimulia hadithi. Kando yake gita mbili zilikwenda pamoja, moja ikiongoza na ya pili ikiishika kwa sauti ya juu kidogo. Aliyekulia kwenye fidla za taarab raha hiyo hahitaji kufundishwa. Kisha, wanasema, akaja John Sykes, mpiga gita kijana aliyetoka bendi ya Tygers of Pan Tang, akaleta kishindo cha metali, ile roki nzito na kali, kikafunika yote.

Hapo ndipo ninapokataa. Kati ya nyimbo tisa, Sykes ametajwa kuwa mtunzi kwenye moja tu, Cold Sweat. Ule uliobeba jina la albamu, wenye kasi ya kutisha, ulitungwa na Lynott na mpiga ngoma Brian Downey, waliokuwa pamoja tangu bendi inaanza. Kwa hiyo ukali ulitoka kwa wenye nyumba wenyewe. Ukiniambia walifuata upepo wa soko sitabisha sana: albamu yao ya Renegade ya 1981 ilikwama nambari 38 kwenye chati ya Uingereza, hii ikapanda hadi nambari 4.

Na hadithi hazikufa. Cold Sweat yenyewe ni ya mcheza kamari aliyetia pesa zake kwenye sanduku akaenda kwenye mashindano, jasho jembamba likimtoka. Lynott anaiimba kwa pumzi fupi, kama mtu anayesubiri matokeo. Halafu ingia The Sun Goes Down. Kinanda cha Darren Wharton kinatambaa, sauti ya Lynott inashuka karibu na kunong'ona. Metali iko wapi hapo?

Kasoro zipo. Baby Please Don't Go na Bad Habits ni nyimbo za kawaida mno kwa mtunzi wa kiwango chake.

Wengine husikia kifo humu, kwa kuwa Lynott, aliyekuwa ametopea kwenye heroini, alifariki Januari 1986 akiwa na miaka 36. Mimi nasikia bendi iliyokuwa bado na nguvu za kupigana. Naiweka chini ya Jailbreak, lakini juu ya Renegade na albamu yao nyingine, Chinatown, bila kusita.