Twende kwa nani? Shaka ndani ya Jumba la Ufalme

Katika sura ya 6 ya Injili ya Yohana watu wengi wanamwacha Yesu kwa sababu mafundisho yamewashinda. Anawageukia wale Kumi na Wawili na kuwauliza kama na wao wanataka kuondoka. Petro anajibu: "Bwana! Twende kwa nani?" Mashahidi wa Yehova wanaupenda mstari huo, na kwa mwenye imani maana yake iko wazi: uzima haupo kwingine. Sasa mchukue mama wa miaka hamsini, wa Mbeya au Kisumu. Mume wake ni mzee wa kutaniko, binti yake ni painia, yaani mhubiri anayetumia saa nyingi kuhubiri, mwenye duka anayemkopesha unga ni ndugu wa kutaniko la jirani, na rafiki asiye Shahidi hana hata mmoja tangu abatizwe. Akiingiwa na shaka, swali la Petro linamjia kwa sura nyingine. Anataka kujua ni nani atakayemfungulia mlango.

Sisi wa nje tukizungumzia dini kali tunapenda kuuliza mtu mwenye akili timamu anaaminije mambo yale. Nadhani swali hilo linatupotezea muda. Wengi wanaobaki na shaka hawayaamini yote tunayodhani wanayaamini. Wanaamini nusu, au waliacha kujiuliza zamani. Waliotoka wana namna yao ya kuwaeleza watu hao: mwili ndani, akili nje. Wanavaa tai, wanafungua Biblia, wanajibu maswali kwenye funzo la gazeti lao, Mnara wa Mlinzi, na moyoni walishahama.

Cha kuwatia shaka hakikosekani, wala si siri. Fundisho kubwa ni kwamba Kristo alianza kutawala mbinguni mwaka 1914, na kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba kizazi kilichouona mwaka huo hakingekwisha kabla ya Har–Magedoni, vita vya Mungu vya kuumaliza ulimwengu huu mwovu. Mwaka 1995 maelezo hayo yaliwekwa kando. Mwaka 2010 yakaja mengine, kwamba kizazi ni makundi mawili ya watu ambao maisha yao yanapishana. Katikati kuna mwaka 1975. Kuanzia 1966 machapisho yalionyesha kwamba mwaka huo miaka 6,000 tangu Adamu aumbwe ingetimia, na matumaini yakapanda hadi wengine wakauza nyumba wapate muda zaidi wa kuhubiri. Mwaka ukapita. Mnamo 1980 Mnara wa Mlinzi lenyewe likakiri kwamba yaliyoandikwa yalichangia kuyakuza matumaini hayo.

Idadi ya wahubiri, yaani Mashahidi wanaohubiri, ilishuka kidogo mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha ikapanda tena. Mwaka 2024 walikuwa zaidi ya milioni 9 duniani. Kwa hiyo hesabu ilikosea na watu wengi wakabaki. Anayedhani dini husimama au huanguka kwa hesabu zake ana kazi ya kulieleza hilo.

Maelezo yangu ni haya: wengi hawakuingia kwa sababu ya hesabu. Mtu anahamia mjini hana ndugu, hana kazi, na Jumamosi asubuhi watu wawili nadhifu wanabisha hodi, wanamwita kwa jina lake, wiki inayofuata wanarudi kama walivyoahidi. Anaalikwa. Ukumbini, katika Jumba la Ufalme wanamokutana, anakuta wanaume ambao hawalewi, na ambao wakipiga wake zao wanaitwa na wazee kujieleza. Anafundishwa kusimama mbele ya watu na kuzungumza bila kutetemeka. Wapo waliojifunzia kusoma humohumo. Akiugua anatembelewa. Anayesema hayo yote ni chambo tu hajawahi kukaa mgeni katika mji mkubwa.

Laurence Iannaccone, mwanauchumi wa Marekani, alitoa mwaka 1994 hoja ambayo bado inanishawishi. Alisema masharti magumu ni kama kiingilio. Yanawazuia wapenda vya bure, wale wanaokuja kula bila kupika. Wanaobaki ni wenye kujitoa, na kwa kuwa kila mmoja anajitoa, kila mmoja anapata zaidi ya anachotoa. Ukilegeza masharti upate watu wengi, unapunguza utamu wenyewe uliokuwa unawavuta. Kwa mtazamo huo, mwenye shaka anayebaki anapiga hesabu nzuri tu: mafundisho mawili matatu hayamwingii, lakini pale ndipo penye watu wa kumzika.

Ugumu huo pia umezaa matunda ambayo hata mpinzani wao mkali hana budi kuyaheshimu. Malawi iliwapiga marufuku mwaka 1967, na mwaka 1972 maelfu walikimbilia Zambia baada ya kupigwa na kuchomewa nyumba, kisa hawakukubali kununua kadi ya chama tawala. Rwanda mwaka 1994, wakati mapadri na wachungaji wa makanisa makubwa walipoonekana upande wa wauaji, Mashahidi Wahutu walikataa kushika panga na wengine wakauawa kwa kuwaficha Watutsi. Tanzania, mwaka 2013, Mahakama ya Rufani iliwapa haki wanafunzi walioadhibiwa shuleni kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa. Mtu aliyekulia katika simulizi hizo anajua jamii yake ina uti wa mgongo. Shaka kuhusu 1914 ni jepesi sana likipimwa na hilo.

Upande wa pili sasa, na hapa sitakuwa na haraka.

Kwetu gharama ya kutoka hulipwa mara mbili, na sioni ikizungumzwa vya kutosha. Shahidi wa Marekani anayeacha anapoteza familia na marafiki. Shahidi wa Afrika Mashariki alishaanza kupoteza siku aliyoingia. Hakwenda kwenye tambiko la ukoo. Alikataa Krismasi na sikukuu za kuzaliwa, alijitenga na siasa, na kwenye msiba wa baba yake mdogo hakushiriki mila za mazishi, wajomba wakanuna hadi leo. Kila kukataa kulimsogeza mbali na wa zamani na karibu na wa kutaniko. Baada ya miaka ishirini, shaka linapokuja, anageuka nyuma anakuta ukoo umeshazoea kutomwita. Madaraja yote mawili hawezi kuyavunja, na moja tayari halipo.

Wapo watakaosema dini zote ziko hivyo. Kwa sehemu ni kweli. Pwani yetu wako wanaokula mchana wa Ramadhani nyuma ya mapazia, na Ijumaa wako safu ya mbele. Kanisani wako wanaokaa benchi la mwisho miaka thelathini wakiwaza shamba. Lakini hao wanaruhusiwa kunyamaza. Shahidi haruhusiwi. Dini yake inataka mdomo wake: atoke nyumba kwa nyumba, amshawishi mtu mwingine, ajibu kipaza sauti kinapomfikia. Hadi Oktoba 2023 kila mhubiri alitoa ripoti ya saa alizohubiri kila mwezi. Mwenye shaka, basi, analazimika kuuza bidhaa ambayo yeye mwenyewe hainunui, na kila mlango anaougonga unamkumbusha. Sijui mateso ya ndani yanayokaribia hayo.

Na asidhani mtu kwamba hili ni tatizo la wanyonge wasiosoma. Raymond Franz alikuwa mpwa wa rais wa shirika na mmoja wa Baraza Linaloongoza, kikundi kidogo kinachotoa mafundisho kwa Mashahidi wote. Kabla hajaingia humo alipewa kazi ya kuchunguza mwaka ambao Yerusalemu ilianguka kwa Wababiloni, kwa sababu hesabu ya 1914 inaanzia hapo. Fundisho linasema 607 kabla ya Kristo. Ushahidi wa kihistoria aliouona ulielekea kwenye 587. Aliendelea. Aliingia Barazani mwaka 1971 na kukaa hadi 1980, alipotakiwa kujiuzulu. Mwaka 1981 alitengwa na ushirika, yaani Mashahidi wenzake walitakiwa kumkwepa. Kosa lilikuwa kula chakula na mwajiri wake, aliyekuwa amejiondoa katika dini. Kama mtu aliyeketi juu kabisa alihitaji zaidi ya muongo, yule mama wa Mbeya tusimhesabie miaka.

Kutengwa kwenyewe kunatokana na 1 Wakorintho 5, pale Paulo anaposema mtu wa namna hiyo "msikubali hata kula naye". Mashahidi wana utetezi, nao si wa kupuuzwa. Ndoa haivunjwi, wanaoishi nyumba moja wanaendelea na maisha ya kifamilia, na aliyetubu anapokewa. Tena hakuna sheria inayoweza kunilazimisha kula na mtu nisiyetaka kula naye. Norway iliwanyima usajili mwaka 2022 kwa sababu ya utaratibu huu, hasa kwa watoto. Mahakama ya Oslo ikaiunga mkono serikali mwaka 2024, kisha Machi 2025 mahakama ya rufaa ikawapa ushindi Mashahidi. Kuhusu serikali kuingia jikoni mwa watu kuamua nani ale na nani, naona mahakama ya rufaa ilikuwa na hoja.

Lakini haki ya kisheria haimalizi mjadala. Anayetengwa ni aliyebatizwa, na wapo wanaobatizwa wakiwa na miaka kumi au kumi na miwili. Mtoto wa umri huo haruhusiwi kusaini mkataba wa simu ya mkopo. Akiweka nadhiri leo, miaka kumi na mitano baadaye nadhiri hiyohiyo ndiyo inayoamua kama mama yake atapokea simu yake. Ndugu yake ambaye hakubatizwa kabisa, hata akiishi maisha yaleyale, hatengwi. Hapo siwezi kuwatetea. Baadhi ya vijana waliozaliwa humo wamelielewa hilo vizuri, ndiyo maana wanaahirisha ubatizo kila mwaka kwa visingizio.

Kuna hasara nyingine, na hii ni ya dini yenyewe. Palipo na bei kubwa ya kutoka, kubaki hakumwambii mtu chochote. Wazee wakitazama ukumbi uliojaa hawana njia ya kujua nani yupo kwa upendo na nani yupo kwa sababu ya binti yake. Nchini Marekani, ambako mtu anaweza kupanga chumba mji mwingine na kuanza upya, utafiti wa taasisi ya Pew wa mwaka 2014 ulikuta ni asilimia 34 tu ya waliolelewa kama Mashahidi waliojitambulisha bado hivyo ukubwani. Wakati huohuo karibu theluthi mbili ya Mashahidi watu wazima huko hawakuzaliwa katika dini hiyo. Wageni wanaingia kwa hiari kupata yale niliyoyasema juu, wenyeji wanatoka. Takwimu hizo mbili zikisomwa pamoja, naona pande zote mbili za hoja hii zina mashahidi wake.

Wanaobaki wengine wanasubiri. Wanasema nuru huzidi kung'aa, kama Mithali 4:18, na miaka ya karibuni imewapa sababu. Ripoti ya saa imefutwa kwa wasio mapainia. Desemba 2023 ndevu zikaruhusiwa rasmi, jambo la kuchekesha kwa wa nje, lakini mwulize mwanamume aliyenyimwa majukumu kutanikoni kwa ajili ya kidevu chake. Mwaka 2024 maneno "kutengwa na ushirika" yakabadilishwa, sasa mtu "anaondolewa kutanikoni". Wazee wakahimizwa kumfuata mapema aliyeondolewa ili arudi, na utaratibu wa watoto waliobatizwa ukalegezwa. Mama anaweza kumwalika mwanawe mikutanoni, na akimkuta Jumba la Ufalme anaweza kumsalimu kwa ufupi.

Nafuu hiyo ya salamu ina mpaka wake. Aliyeondolewa kwa uzinzi au ulevi anasalimiwa. Anayehesabiwa mwasi-imani, yaani aliyeyasema mashaka yake kwa sauti na kuyashikilia, hasalimiwi. Mwenye shaka anayeketi safu ya tatu na Biblia mkononi amelisoma tangazo hilo kama wenzake, na mpaka huo ameuona.