Kasha la Kompyuta ni Kazi ya Bati

Mwaka juzi, masika yalipoanza, mjusi kafiri aliniulia mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta. Kompyuta ilizimika usiku nikiwa katikati ya kazi ya mtu, na nilipovua ubavu wa kasha nikamkuta ameungua karibu na prosesa, pale umeme wa pawa saplai unapoingilia. Alikopitia palionekana waziwazi: tundu la mstatili mgongoni mwa kasha, linalozunguka poti za kipanya, skrini na intaneti. Mazabodi ile niliinunua ikiwa imetumika, na kama zilivyo nyingi zilizotumika, ilikuja bila kibati chake cha nyuma cha kuziba tundu hilo. Aliyeniuzia alisema kibati hicho ni pambo tu. Nikaiwasha hivyo hivyo, ikakaa wazi miezi saba.

Baadaye nilizunguka Kariakoo kutafuta kibati cha kununua. Sikumpata anayekiuza peke yake, na sababu inaeleweka: kila mazabodi ina mpangilio wake wa poti, kibati cha moja hakiingii kwenye nyingine. Ndipo nikaanza kukata mwenyewe, na huko ndiko nilikogundua ninachotaka kukisema leo. Sisi tunaofungua na kufunga kompyuta tumejifunza elektroniki na tumejifunza programu, lakini bati tumelipa kisogo. Na kasha la kompyuta, kona ya kwanza hadi ya mwisho, ni kazi ya bati. Ujuzi wake umejaa mjini, kwa mafundi ambao hatujawahi kwenda kuwauliza neno.

Tuanze na kibati chenyewe. Tundu lake ni milimita 158.75 kwa 44.45. Vipimo hivyo vimo kwenye ATX, mpangilio wa vipimo vya mazabodi na makasha ambao kampuni ya Intel waliutoa mwaka 1995, na hadi leo havijaguswa. Ndiyo maana mazabodi mpya kabisa inaingia kwenye kasha la miaka ishirini iliyopita. Hata ile ndogo ya Mini-ITX, ambayo kampuni ya VIA waliileta mwaka 2001, milimita 170 kila upande, hutumia tundu hilo hilo, na skrubu zake nne hukaa pale pale zinapokaa za mazabodi kubwa. Kwangu mimi hilo ndilo linaloipa kazi ya mkono thamani yake: kasha ulilolichonga leo kwa vipimo hivyo litapokea mazabodi ya kesho na ya keshokutwa, hata kama kibati itabidi kichongwe upya. Wanaoumia ni wenye zile kompyuta za ofisini zinazoshushwa kwa makontena, ambazo kiwanda kilijichorea umbo lake chenyewe la pawa saplai. Ikifa, kasha zima linakwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu, isipokuwa apatikane mtu wa kukata na kukunja.

Bati la kutengenezea kibati liko jikoni. Kopo la maziwa ya unga likitolewa mdomo na kitako, likapasuliwa ubavuni, linakupa kipande chenye wembamba unaokaribiana na wa kibati cha kiwandani, na mkasi mzuri unalikata. (Tena hilo ndilo bati kwa maana yake ya asili: chuma chembamba kilichopakwa madini ya bati. Ya paani tunayaita mabati kwa mazoea tu, yenyewe yamepakwa zinki.) Kulinyoosha, livute likibanwa kwenye ukingo wa meza, huku na huku, hadi lisahau kuwa lilikuwa duara.

Kazi ngumu ni kujua poti ziko wapi hasa. Nilianza kwa rula, nikaharibu makopo mawili, maana kosa la milimita moja linatosha kuzuia waya wa intaneti usiingie. Dawa niliyoipata ni rangi ya mdomo. Toa mazabodi nje ya kasha, paka rangi kidogo kwenye kingo za poti zote, kisha gandamiza kipande cha boksi la karatasi, kikiwa kimeegemea sawasawa usawa wa ubao. Unapata muhuri wa kila poti mahali pake. Ubandike muhuri huo juu ya bati kwa gundi, toboa kona kwa msumari wa zege, kata ukipita ndani kidogo ya mstari, halafu malizia kwa tupa ndogo hadi poti ipite bila kukwaruza. Pembezoni acha ziada ya milimita 2 kila upande na vindimi vinne vya kukunja vishike ukingo wa tundu. Usizidishe zaidi ya hapo, kwa kuwa kuna makasha ambayo ukuta wake una mikunjo karibu kabisa na tundu.

Kibati hicho kinafanya zaidi ya kumzuia mjusi. Makasha mengi ya bei nafuu yana feni moja tu, nayo inatoa hewa nje. Kasha linalotolewa hewa bila kuingiziwa huivuta kutoka kila ufa lilionao, na tundu la nyuma ndilo ufa mkubwa kuliko yote. Hewa inayoingilia huko haijapita kwenye kichujio chochote, na kwa vumbi letu la kiangazi unajua maana yake: baada ya miezi michache poti zina manyoya, na feni ya prosesa imevaa blanketi. Kibati pia hugusa magamba ya chuma ya poti na kuyaunganisha na kasha, ili umeme tuli ulioubeba kwenye vidole uishie kwenye chuma, usipenye ndani ya ubao.

Baada ya kibati nikataka kubwa zaidi. Nilitaka ubavu mzima wa kasha wenye feni mbili za kuingiza hewa, na fremu ya kichujio ambayo naweza kuichomoa na kuiosha kama chujio la chai. Kwa hilo kopo halitoshi. Nilibeba mchoro wangu hadi Gerezani, mtaa wa jirani na Kariakoo, kwa mzee mmoja anayetengeneza matranka ya wanafunzi wa bweni.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Unataka tranka?"

Nikamwonyesha mchoro. Aliutazama kwa muda, akaugeuza, akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria hata mara moja: "Mwanangu, upindo uko wapi?"

Upindo, kama wa nguo. Alichukua kipande cha bati kilichokatwa tu, akakishika pembeni kwa vidole viwili, kikatetemeka na kulia. Kisha akachukua kingine ambacho ukingo wake aliukunja ukarudi nyuma ukalala juu yake, akaubamiza kwa nyundo ya mti. Kile cha pili hakikulia. Bati lile lile, uzito ule ule, lakini limekuwa gumu kama limeongezewa unene, na pembeni halikati mkono. Mimi nilikuwa nimechora ubavu wa bati la milimita 1.5 nikidhani unene ndio utaondoa mngurumo wa feni. Yeye alinitengenezea kwa bati jembamba zaidi lenye upindo pande tatu, na mifereji miwili ya kina kidogo iliyokatiza katikati. Halingurumi.

Alinifundisha na hesabu ya mkunjo. Ukitaka pembe yenye milimita 20 upande huu na 20 upande ule, zikipimwa kwa nje, usikate kipande cha 40. Bati la milimita moja likikunjwa hunyooka kidogo penye kona, kwa hiyo unakata 38 na ushee. Watu wa kompyuta tunalipata hilo kwenye programu za kuchora, inatubonyezea namba. Yeye analijua kwa kidole gumba, na kwa kila unene wa bati ana jibu lake. Mashine yake ya kukunjia ni vyuma viwili vya pembe vilivyofungwa kwa bolti, bati linabanwa katikati. Nami nimejitengenezea kama hiyo nyumbani, inabanwa kwenye jiliwa, na naamini ni kifaa cha kwanza ambacho fundi wa kompyuta angepaswa kuwa nacho baada ya bisibisi.

Tundu la feni ndilo lililonifurahisha zaidi. Feni ya milimita 120 ina matundu manne ya skrubu yaliyoachana milimita 105, na uwazi wenyewe wa hewa ni duara la kama milimita 115. Unachora kwa bikari, unapiga alama kwa msumari, unatoboa vitundu vidogo vikifuatana ndani ya mstari, unaondoa kilichobaki kati yake kwa patasi, kisha unakaa na tupa ya nusu duara. Inachukua karibu saa nzima. Katika saa hiyo unajifunza kuwa tupa hukata ikisukumwa tu, na kuirudisha kwa kuiburuza ni kuiua. Unajifunza pia kuwa ukingo uliopitiwa na tupa umeshapoteza zinki yake, na kwa hewa yetu ya pwani utaanza kutu ndani ya wiki chache. Rangi ni lazima. Kulehemu bati la zinki kwa umeme mzee alinikataza kabisa: moshi wake unaleta homa, na anawajua walioipata. Tunatumia ribiti.

Kwa sehemu nyepesi za ndani, kama vishikizo vya diski au egemeo la kadi ya picha (ile inayopeleka picha kwenye skrini) iliyoinama kwa uzito, nenda kwa mafundi wa madirisha ya alumini. Kila mtaa unao, na masalio ya pembe za alumini huwa yamerundikwa nyuma ya banda. Alumini inakatika kwa msumeno wa chuma bila jasho, ila huziba meno ya tupa. Paka tupa chaki kwanza. Ukitoboa, dondoshea mafuta ya taa penye ncha ya keekee, tundu litatoka safi.

Hapa nina neno zito kidogo. Usikate wala kupiga tupa chochote mazabodi ikiwa chumba kile kile. Chembe za chuma unaweza kuzikusanya kwa sumaku ya spika mbovu, lakini za alumini sumaku haizioni. Kipande kikiisha kioshe kwa sabuni, kikaushe juani, ndipo kiingie ndani ya kasha. Chembe moja kati ya pini mbili inatosha kufanya alichonifanyia yule mjusi.

Na kuna suala la shoti. Watu hunilalamikia kuwa kasha la chuma "linapiga", hasa wakiligusa miguu ikiwa peku sakafuni. Wengine hubandika gundi ya plastiki kila mahali. Chanzo huwa ukutani. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita ndogo zinazounganisha nyaya za umeme na kasha, kazi yake kupeleka kelele za umeme ardhini. Kama soketi haina waya wa ardhi, au umetumia ekstensheni ya pini mbili, kasha linabaki likielea kwenye karibu nusu ya volti 230. Mkondo wake ni mdogo, ila unausikia. Rekebisha soketi. Ukishairekebisha, hakikisha vipande ulivyoviongeza havikatishi njia: rangi haipitishi umeme, kwa hiyo kwangua kidogo penye skrubu, chuma kiguse chuma. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona makasha ya kutengeneza yanayopendeza sana, ambayo ubavu mzima haujaungana na ardhi popote.

Najua nitaambiwa kuwa siku hizi kuna mashine za kukata kwa leza mjini, na printa za kuchapa plastiki. Nimezitumia zote mbili. Plastiki ya PLA inayotumika kwenye printa nyingi huanza kulegea kwenye nyuzi joto kama 60, na kishikizo nilichochapa nyuma ya kadi ya picha kilipinda mwezi wa pili. Leza ni nzuri mno, sina ubishi nayo, lakini inakata tu ulichochora. Mchoro wangu wa kwanza, ule usio na upindo, leza ingeukata vizuri sana na ungenguruma vizuri sana. Kijana anayetaka kuchora vipande vya chuma akae kwanza na tupa miezi mitatu. Mikono yake itakataa michoro mibaya kabla hata hajaipeleka kwa mwenye mashine.

Linaloniuma ni jinsi tulivyojigawa. Aliyesoma kompyuta anamwona fundi bati kama mtu wa majiko na madebe. Kule Nairobi, Kamukunji imejaa wafua bati wenye mikono ya namna hiyo hiyo, na nadhani wanatazamwa hivyo hivyo. Nilipompelekea mzee wangu kasha lililokamilika, limewashwa, feni zinazunguka, hakuangalia skrini. Alipitisha kidole kwenye kona zote nne za ubavu, akaniambia kona ya chini kushoto imezidi nusu milimita, kisha akaniomba nimwachie kile kigezo cha karatasi cha feni. Amekitundika ukutani kati ya vigezo vya matranka, ameandika juu yake kwa chaki: 105.

Wiki iliyopita alinitumia ujumbe kuwa kuna vijana wawili walipita, wakakiona, wakauliza kama anaweza na feni kubwa. Jumamosi nampelekea feni yenyewe ya milimita 140, ambayo skrubu zake zimeachana milimita 124.5, achonge kigezo cha pili.