Kauri iliyojifanya marumaru

Mwonyeshe mjuzi wa sanaa kichwa cha kauri cha Clytie, binti wa hadithi za Kigiriki, kilichotoka kiwanda cha Copeland, Stoke-on-Trent, Uingereza, na huenda akatabasamu kwa huruma. Mwanamke ameinamisha uso, mabega yakichomoza kwenye petali: nakala ndogo ya marumaru iliyomo British Museum. Nakala tu, atakwambia, pambo la sebuleni la Waingereza wa enzi ya Malkia Victoria waliotaka kuwa na Ugiriki na Roma bila kulipa nauli.

Ana hoja. Kauri hii nyeupe isiyong'arishwa ilizuka Staffordshire, mkoa wa viwanda hivyo, miaka ya 1840, ikaitwa Parian kwa kufuata kisiwa cha Paros, ambako Wagiriki wa kale walichimba marumaru. Wedgwood, kiwanda kingine, waliiita yao Carrara, jina la machimbo ya marumaru ya Italia. Majina yenyewe yanakiri kwamba udongo unajifanya jiwe. Tena jiwe hilo zamani lilipakwa rangi, na haikuwa siri: mwaka 1854, kwenye jumba la maonyesho la Crystal Palace kule Sydenham, London, msanifu Owen Jones alipaka rangi nakala za nakshi za Parthenon, hekalu la Athens, akazua ubishi mkubwa. Viwanda viliendelea kumimina weupe, na macho ya watu yakazoea ukale usiowahi kuwepo. Hilo sina la kulitetea.

Ninachokataa ni lile neno "nakala tu". Kwanza sanamu ilipaswa kupunguzwa bila kuharibu vipimo vyake. Mashine aliyoipatia hataza Benjamin Cheverton mwaka 1844 ilifanya hivyo: ncha moja hupapasa sanamu kubwa, nyingine huchonga ndogo kwa uwiano uleule. Kisha umbo hukatwa vipande, kila kimoja na kalibu yake ya plasta. Udongo mwepesi kama uji humiminwa ndani, plasta hunyonya maji, ganda hushika ukutani, uji uliobaki humwagwa. Mikono, kichwa na kiwiliwili huunganishwa kwa uji huohuo.

Halafu tanuru, na hapo ndipo mimi hukwama kila ninapoitazama sanamu hizi. Udongo huu una feldispa nyingi, madini yanayoyeyuka kwa moto. Ukipata moto hulegea, na hunywea hadi robo ya kimo chake. Chukulia mkono ulionyooshwa hewani. Ukiuacha hivyo, utaning'inia. Ukiuwekea egemeo la kitu kisichonywea, mwili utashuka nalo litabaki palepale, na bega litavunjika. Basi mafundi walifinyanga maegemeo ya udongo uleule, yanywee sambamba na sanamu. Fundi alilazimika kuwaza sanamu mbili: ile anayoiingiza tanuruni na ile itakayotoka, na katikati hana pa kusahihisha. Mchonga marumaru hana shida hiyo. Jiwe lake halisinyai usiku.

Zilifikaje majumbani? Kwa sehemu, kupitia Art Union of London, chama kilichoanzishwa mwaka 1837: mwanachama alitoa gini moja, pauni na shilingi juu, akaingia kwenye bahati nasibu ya kazi za sanaa. (Gini haikuwa pesa ya kibarua, tusiseme sanaa iliwafikia wote.) Miongoni mwa zawadi za mwanzo ilikuwa sanamu ya Narcissus ya John Gibson, nakala 50, mwaka 1846. Gibson, mchongaji mzaliwa wa Wales aliyeishi Roma, aliusifu udongo huu kuwa bora kuliko vyote baada ya marumaru. Na ni Gibson huyohuyo aliyeipaka rangi sanamu yake ya marumaru ya Venus, mungu wa mapenzi wa Warumi, na kuionyesha London mwaka 1862. Mtu mmoja alizijua rangi za kale na bado hakuidharau kauri nyeupe. Wajuzi wetu wanataka tuchague.

Turudi kwa Clytie. Ile ya marumaru mkusanyaji Charles Townley aliinunua Naples mwaka 1772, na wataalamu wamebishana kama ni kazi ya Kirumi kweli au ya karne ya 18. Ya Copeland ukiigeuza nyuma, unaweza kukuta jina la Delpech, aliyeandaa umbo lake, na mwaka: 1855.